Ibn al-Haytham, Mwanachuoni Aliyejitia Wazimu

Mwezi uliopita nilifunga safari kwenda Kericho kumjulia hali mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye ni mhandisi katika kiwanda kimoja cha chai kwenye vilima vile. Sisi watu wa pwani tufikapo huko hutushinda mambo mawili: baridi, na ule ukijani usiokatika. Mji uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua haingoji masika wala vuli. Hunyesha karibu kila alasiri, wakati ambao kwetu watu ndio kwanza wanaamka usingizi wa mchana. Michai imesawazishwa vilimani hata ukadhani imepitiwa na kinyozi. Nchi ni nzuri, ingawa sipendi kuisifu pasi na kukumbuka kuwa Wakipsigis walitolewa katika ardhi hiyo hiyo ili mashamba makubwa yapate kupandwa kuanzia miaka ya 1920. Hayo yana siku yake.

Nilimkuta kijana hana raha. Mkewe alituandalia chakula cha kutosha watu sita, naye hakula. Baada ya sala ya isha, tukiota moto, ndipo aliponifungulia moyo.

Jani bichi la chai, robo tatu yake au zaidi ni maji. Hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa libadilike rangi, kisha hupita katika kikaushio, na likitoka halitakiwi libakiwe na maji zaidi ya kiasi cha 3 kwa mia. Maji yakizidi, chai huvunda ghalani. Yakipungua mno, chai imeungua na kuni zimeteketea bure. Zamani kazi hii ilitegemea kiganja na pua ya mzee mzoefu, na kuchukua chai kidogo kwenda kuipima pembeni, na jibu likija mzigo mzima umekwisha kupita. Siku hizi viko vyombo vinavyopima unyevu kwa mwanga. Si mwanga huu tuuonao, bali mionzi ya infraredi, iliyo ng'ambo ya rangi nyekundu. Chombo huiangazia chai miali ya namna mbili: mmoja maji huumeza, wa pili maji hayana habari nao. Miali hiyo hurudi kutoka kwenye chai mpaka kwenye kipokezi, na kwa tofauti ya kilichorudi hujulikana unyevu uliomo. Mpwa wangu alipewa kazi ya kuunganisha chombo cha namna hiyo juu ya mkanda utokao kikaushioni.

Akanieleza namna kazi hii inavyofanywa. Mhandisi wa mifumo haanzi na taa wala na kioo. Huanza na haja ya mwenye kiwanda, kwamba aujue unyevu kwa kosa lisilozidi kiasi fulani. Kisha lile kosa linaloruhusiwa huligawa mafungu. Taa ina fungu lake, maana hufifia kadiri inavyozeeka. Chujio lina lake, maana hubadilika joto likipanda. Kioo cha dirisha kina lake kwa ajili ya vumbi la chai, kipokezi kina lake, na hata chai yenyewe ina lake, kwani nyeusi na ya kahawia hazirudishi mwanga sawasawa. Hapo nikacheka, nikamwambia kuwa hii ni faraidhi. Chuoni tulifundishwa mas-ala ya aul: mwanamke amekufa, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja, mume ana nusu, madada wana thuluthi mbili, mafungu yamezidi mali. Basi sita hufanywa saba, na kila mrithi akapungukiwa kwa kadiri yake.

Mpwa wangu hakucheka. Alisema balaa lake ndilo hilo hilo, mafungu yamezidi mali. Lakini taa na kioo si warithi, havipungui kwa hukumu ya kadhi. Na lililokuwa likimla zaidi ni kwamba alikwisha kuwaahidi wakubwa wake, mbele ya watu, kuwa chombo kitafikia kipimo walichokitaka, kabla hajapima kila sehemu peke yake. Sasa amepima, na hakifiki. Asubuhi yake alitakiwa kutoa taarifa, na Iblisi alikuwa akimnong'oneza achague siku zile ambazo chombo kilisoma vizuri, nyingine azifunike.

Sikumpa nasaha. Umri wangu umenifunza kuwa nasaha ya usiku husahauliwa asubuhi. Nilimsimulia habari za mtu aliyekufa karibu miaka elfu iliyopita, nami nazileta hapa, kwa kuwa najua wengi katika wasomaji wangu wamelisikia jina lake tu.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra kwenye mwaka 354 wa Hijria, sawa na 965 Miladi. Basra tunaijua; ndiko zilikotoka tende walizokula wazee wetu, zikiletwa na majahazi ya kaskazi. Sisi watunzi tunaijua zaidi kwa Khalil ibn Ahmad, aliyeiwekea mizani elimu ya arudhi. Ulikuwa mji wa bandari na wa mabishano, na kijana aliyekulia humo alizisikia hoja za kila madhehebu. Yeye aliegemea hesabu na handasa, akavisoma vitabu vya Euclid na Ptolemy vilivyokwisha kutiwa katika Kiarabu, na sifa yake ikaenea hata Misri.

Lililomponza ni ulimi. Ibn al-Qifti, aliyekusanya sira za wanahikima katika karne ya 13, anasimulia kuwa Ibn al-Haytham alitamka kuwa lau angelikuwa Misri angeliufanyia mto Nile kazi ambayo watu wangepata manufaa, mto ukijaa au ukipungua. Maneno yakamfikia al-Hakim, Khalifa wa Kifatimi aliyetawala Misri tangu 996 hadi 1021. Al-Hakim alikuwa mtu wa ajabu. Ndiye aliyefungua Dar al-Ilm mjini Cairo mwaka 1005 na kuijaza vitabu, na ndiye yule yule aliyepiga marufuku watu wasile mulukhiya, mboga iliyo jamaa ya mlenda wetu. Aliua mawaziri wake, na watu waliokaa karibu naye hawakujua jua la kesho litawakuta wapi. Mtawala huyu alipeleka mali kwa siri, akamwita mwanachuoni, na alipowasili alitoka mwenyewe kwenda kumlaki nje ya mji. Heshima ya namna hiyo haina mlango wa kutokea.

Akapewa mafundi na vibarua, akapanda nao mto kuelekea kusini. Nami nilipofika hapa nilimwonyesha mpwa wangu dirisha, maana mvua ilikuwa ingali ikipiga bati. Maji yale yalikuwa yakishuka kwenye mito Itare na Kipsonoi, yakaingie Sondu, yatoke Ziwa Victoria, yapite Jinja, na yale yatakayosalimika na jua la Sudani yapite Aswan. Kweli, gharika ya Nile iliyokuwa ikiingoja Misri kila mwaka asili yake ni Uhabeshi. Lakini tone la Kericho nalo limo.

Njiani Ibn al-Haytham aliyaona majengo ya watu wa kale wa Misri, jinsi mawe yalivyochongwa na kupangwa kwa handasa isiyo na dosari. Ndipo shaka ilipomwingia. Watu hawa, kwa elimu waliyokuwa nayo, hawakushindwa kulifikiria alilolifikiria yeye. Lau lingewezekana, wangelifanya. Hata hivyo hakurudi kwa dhana. Alikwenda mpaka Janadil, kusini ya Aswan, mahali maji yanapopita baina ya majabali, akayakagua pande zote mbili, akayapima, akaona kuwa haiwezekani. Bwawa kubwa la Aswan lilikuja kumalizika mwaka 1970, kwa mitambo na saruji ambayo karne ya 11 haikuwa nayo. Mahali hapakuwa pabaya. Alichokosa ni vyombo, na kabla ya vyombo, alikosa kupima kabla ya kusema.

Hebu mfikirie, msomaji wangu, safari ile ya kurudi. Mto unamshusha kwa wepesi, na chini anangojwa na mtu ambaye kuua kwake ni kama kupiga chafya. Angeweza kudanganya. Angeweza kuanza kujenga, akapoteza miaka na roho za vibarua, akatumai kuwa Khalifa atakufa kabla yake. Wako wengi waliofanya hivyo kwa wafalme na kwa serikali, na baadhi yao barabara zimeitwa kwa majina yao. Yeye alisimama mbele ya al-Hakim, akakiri kuwa amekosea.

Khalifa alijionyesha kuwa ameridhika, akampa kazi katika diwani. Ibn al-Haytham aliipokea kwa hofu, si kwa mapenzi, na kila siku alijiona kama mtu aliyekaa chini ya jiwe linaloning'inia. Kukataa hakuwezekani, kutoroka ni hatari. Hatimaye akapata hila, akajitia wazimu. Mali yake ikawekwa chini ya uangalizi, akafungiwa nyumbani mwake, na mtu ambaye kila mji ulimjua kwa akili yake akakubali kuitwa majununi. Alikaa hivyo mpaka usiku wa Februari 1021, al-Hakim alipopanda kilima cha Muqattam peke yake asirudi tena. Kifo chake kilipothibiti, wazimu ukapona.

Mimi huona kuwa huo ndio mlango wa maisha yake ya kweli. Alitoka, akafanya makazi katika kijumba cha kuba karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar, na mali ya wafalme hakuitaka tena. Kila mwaka alinakili kwa mkono wake kitabu cha Euclid, vile vitabu vya kati vya hesabu, na Almagest cha Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150 za Kimisri, bei isiyo na mjadala, na hizo zikamtosha chakula cha mwaka mzima. Wakati uliobaki ulikuwa wake, na kalamu pia. Wanahistoria wamemtajia vitabu na risala zaidi ya 90.

Kilichompa jina ni Kitab al-Manazir, makala saba juu ya mwanga na kuona. Wakati wake watu walikuwa mapande. Euclid na Ptolemy walishika kuwa jicho hutoa miali ikaenda kuugusa mti, ndipo tukauona mti. Wengine, wafuasi wa Aristotle, walisema sura ya kitu ndiyo ijayo machoni, lakini hawakuweza kueleza kwa hesabu. Ibn al-Haytham alitazama jambo ambalo kila mvuvi analijua: ukilikodolea jua macho yanauma, na ukiyafumba, doa lake linabaki ndani. Basi kuna kitu kinachoingia. Akaichukua hesabu ya wale wa kwanza akaiweka juu ya kauli ya hawa wa pili, kisha kila hatua akaitia katika jaribio. Yeye huita i'tibar.

Wako watu katika mabaraza yetu wasemao kuwa huyu ndiye aliyevumbua kamera. Sipendi maneno hayo; ni kumvisha mtu kanzu isiyo yake ilhali anayo yake nzuri zaidi. Kwamba tundu dogo katika chumba cha giza huleta sura ukutani kulijulikana kabla yake, na hata sisi watoto tulikujua. Nilipokuwa mdogo niliugua homa nikalazwa chumba cha bibi yangu, nyumba ya mawe, madirisha yamefungwa adhuhuri, na kwenye upenu wa dirisha kulikuwa na kitobo. Nikaona ukutani watu wakipita miguu juu vichwa chini, na punda pamoja na shehena yake. Bibi alinisomea Ayatul Kursiyyu. Alichofanya Ibn al-Haytham ni kingine. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza, na kila taa ikatia doa lake ukutani. Akaziba taa moja, doa moja tu likatoweka, lile lililo mkabala nayo kwa mstari ulionyooka. Akaifunua, likarudi pale pale. Kwa hivyo miali yote hupita katika kitundu kimoja, wala haivurugani. Jaribio hili mtoto anaweza kulifanya kwa mishumaa mitatu, na ndani yake mna msingi wa elimu nzima.

Kwa habari ya mwanga kurudi kwenye vioo, alieleza chombo cha shaba chenye vitundu vilivyopimwa kwa upana wa punje ya shayiri, akaleta vioo saba vya maumbo mbalimbali, bapa, mviringo, mcheduara na pia, vya ndani na vya nje, akavijaribu kimoja baada ya kimoja. Anaeleza unene wa bati na mahali pa kukata, kama fundi amwelezaye mwanagenzi. Mtu wa mbali aweza kukijenga chombo kile akamhakiki. Na katika risala yake ya kumtilia shaka Ptolemy ameandika kuwa mwenye kuitafuta haki hatosheki na sifa ya waliotangulia, bali huwashuku, na huishuku nafsi yake pia wakati anapowahakiki. Maneno hayo ni ya mtu aliyewahi kusimama Janadil.

Lakini sehemu iliyomfanya mpwa wangu avute kiti ni makala ya tatu, inayohusu makosa ya macho. Ibn al-Haytham anasema kuona ni kazi ya mambo mengi kwa pamoja, na kila jambo lina kiasi chake cha wastani. Anayataja manane: umbali wa kitu, mkao wake mbele ya jicho, mwanga ulioko, ukubwa wa kitu, uzito wa mwili wake, uangavu wa hewa iliyo kati, muda wa kutazama, na uzima wa jicho. Moja likitoka nje ya kiasi chake, macho hukosea. Na ukitaka kujua kosa limetoka wapi, hupaswi kulilaumu jicho, bali uyapitie yote manane. Kijana alinyanyuka akachukua penseli. Umbali wa chombo na mkanda. Pembe yake. Taa. Ukubwa wa punje za chai. Mvuke na vumbi hewani. Mwendo wa mkanda. Kipokezi. Yeye alikuwa amegawa kosa kwa vyombo vyake tu, na ile hewa iliyo kati ya kioo na chai hakuipa fungu lolote, kama kwamba Kericho haina mvuke.

Sikumficha kuwa mzee huyu naye aliteleza. Aliona kwamba sura huishia kwenye mboni ya kioo iliyo mbele ndani ya jicho, na akaepa kusema kuwa inafika nyuma kichwa chini, kwa sababu haikumwingia akilini. Ilibidi Johannes Kepler aje mwaka 1604 kusema kuwa sura inapigwa kwenye pazia la nyuma, na kweli imepinduka. Kepler mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake kwa njia ya vitabu. Kitab al-Manazir kilitiwa katika Kilatini kwenye mwaka 1200, wakamwita Alhazen. Roger Bacon na Witelo wakanywa humo, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel. Upande wetu, Kamal al-Din al-Farisi alikifanyia sharhe, na kwa tufe la kioo lililojaa maji akaueleza upinde wa mvua. Huo mwanga usioonekana anaouhangaikia mpwa wangu ulikuja kujulikana mwaka 1800, William Herschel alipoweka kipima joto nje ya rangi nyekundu akakuta ndipo penye joto zaidi. Naye hakuwa akitafuta hilo. Alikuwa akijaribu vioo vya rangi vya kulitazamia jua.

Ibn al-Haytham alifariki Cairo kiasi cha mwaka 430 wa Hijria, karibu na 1040. Mwaka 2015 UNESCO na mataifa walipoadhimisha mwaka wa mwanga, walimkumbuka kwa kutimia miaka elfu ya kitabu chake.

Asubuhi kijana alitoka mapema, karatasi zake zote kwapani, siku nzuri na siku mbaya. Nilibaki na mkewe na mtoto, tukangoja. Alirudi saa nane, amelowa. Alikuwa amewaambia ukweli wote. Mkubwa mmoja alimkemea mbele ya wenzake kwa ahadi aliyoitoa, na cheo alichokuwa akikitaraji mwaka huu hakitampata. Kazi hiyo sasa iko chini ya mwenzake aliyeajiriwa baada yake. Lakini chombo hakikutupwa. Wamekubali kukiwekea bomba la kupuliza hewa safi mbele ya kioo, na kupima upya kwa miezi mitatu kabla mtu yeyote hajataja tarakimu. Alikula siku ile. Alikula sana.

Kesho yake nilipanda basi la kupitia Bomet na Narok. Pale Bomet barabara inavuka mto Nyangores, unaokwenda kuingia Mara na kisha ziwani. Ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa.